Akiba Haiozi?

Kuna fumbo moja ambalo wauza magari wanalijua vizuri kuliko wanafalsafa. Chukua gari la michezo, lile la milango miwili, lililolala chini kama chui anayenyemelea mbuzi. Mita yake inasoma kilometa 40,000 tu. Sasa fungua mlango. Ngozi ya kiti imepasuka, usukani unanata kama umepakwa asali, kitambaa cha dari kinaning'inia, dashibodi ina nyufa. Kisha panda teksi ya kawaida iliyotembea kilometa 300,000. Siti zake zimechoka, ndiyo, lakini zinakalika. Imekuwaje aliyetembea kidogo akazeeka kuliko aliyetembea sana?

Jibu la haraka la kijiweni ni kwamba mita imerudishwa nyuma. Naam, mchezo huo upo, na ndiyo maana mnunuzi mjanja wa Dar es Salaam haangalii mita kwanza. Anaangalia usukani, pedali na kiti cha dereva. Lakini hata gari ambalo mita yake haijaguswa na mtu linaweza kuchakaa hivyo hivyo. Tutafute sababu nyingine.

Mita huhesabu mizunguko ya magurudumu, basi. Haihesabu mara ngapi mtu ameingia na kutoka. Kiti cha gari la michezo kimeinuliwa kingo pembeni ili kimshike dereva kwenye kona, na gari lenyewe liko chini, kwa hiyo kila anayeingia hana budi kuburuza paja na suruali yake juu ya ukingo ule. Gari la safari ndefu humwingiza mtu mara moja likampeleka kilometa 400. Gari la starehe huingiwa mara kumi kwa kilometa hizo hizo. Halafu waundaji wake wanahangaika na uzito. Ferrari F40 ya mwaka 1987 ilitoka kiwandani bila mazulia, na mlango wake hufunguliwa kwa ndani kwa kuvuta kamba. Anayepunguza uzito kiasi hicho hawezi kukupa ngozi nene kama ya kiatu cha mwanajeshi.

Juu ya hayo kuna wakati. Plastiki ya dashibodi hulainishwa kwa mafuta maalumu, na mafuta hayo hutoka polepole, hasa juani. Ule utando unaoufuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake ni ulaini wa dashibodi unaokwenda zake. Rangi laini kama mpira inayopakwa kwenye vitufe huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, ndipo vitufe vya Ferrari nyingi za miaka ya 1990 vikaanza kunata vidoleni. Sponji huoza na kuwa unga. Hayo yote hayaulizi umetembea kilometa ngapi. Yanauliza umekaa miaka mingapi.

Hapo ndipo fundi wa gereji anapomwachia kazi mwanafalsafa. Maana sisi tumelelewa na methali isemayo akiba haiozi. Tumeona makabati ya sebuleni yenye vikombe visivyonywewa chai mpaka aje mgeni asiyekuja. Tumeona makochi yaliyobaki na nailoni ya dukani miaka mitano. Je, kitu kisichotumika kweli huwa kimetunzwa?

Kwetu Rubafu, pembeni mwa Ziwa Victoria, swali hili lina harufu ya ukungu. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Mzee mmoja wa ukoo wetu, mtu wa Dar, alileta kijijini Toyota Celica yake iliyokuwa imetoka Japani, akaijengea banda la bati kando ya nyumba. Alikuwa anakuja Krismasi, kama ilivyo desturi ya Wahaya wengi walioko mbali, anaizungusha siku mbili, anaifunika turubai. Kijana wa kuitunza aliiwasha kila Jumamosi, akaizima. Ruhusa ya kuitoa bandani hakuwa nayo.

Usiku mmoja mke wa jirani alishikwa na uchungu, na mambo yakawa mabaya. Nilikuwepo. Kijana yule alimpigia mzee simu.

"Shikamoo baba mkubwa. Tunaomba gari tumwahishe mgonjwa mjini."

"Marahaba. Mwanangu, lile gari si la kubebea wagonjwa. Viti vile vikilowa damu vimekwisha. Tafuteni usafiri, hela natuma sasa hivi."

Na kweli alituma, tena nyingi. Hela ilifika kabla hatujakata maneno. Gari la kukodi halikufika. Mama yule alipandishwa bodaboda, katikati ya dereva na mumewe. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Sisemi kwamba Celica ingemwokoa yule mtoto. Hakuna ajuaye, na anayedai kujua anamsingizia mzee wa watu. Nasema tu kwamba Krismasi iliyofuata turubai lilipofunuliwa, viti vile vilivyokingwa na damu ya mzazi vilikuwa na madoa meusi ya ukungu, na panya walikuwa wamezalia ndani ya sponji. Panya hawakuwa wamempigia mtu simu.

Mtetezi wa mzee atasimama hapa, na ni haki asikilizwe. Atasema: gari ni lake, jasho lake, na mwenye mali haamriwi. Atasema barabara yetu ingelikwangua tumbo gari la chini namna ile. Atasema ukianza kutoa leo kwa mgonjwa, kesho utaombwa la harusi, keshokutwa la kubebea ndizi, na baada ya mwaka huna gari wala shukrani. Bwana wee, hoja hizi si za mchezo. Sote tumeona vitu vya umma vilivyouawa na mikono mingi: pampu ya maji ya kijiji, mpira wa shule. Kutumia ni jambo moja, kutumikisha ni jambo lingine.

Lakini angalia hoja hizo zinasimama juu ya nini. Zote zinadhani kwamba kuna njia mbili, kukitumia kitu kikachakaa au kukifungia kikabaki. Na gari la michezo limekwisha tuonyesha kuwa hiyo njia ya pili haipo. Kitu kilichofungiwa nacho kinachakaa, kimya kimya, bila kumfaa mtu. Wazee wetu waliojenga mushonge, ile nyumba ya msonge ya nyasi zinazoshuka mpaka chini, walilijua hilo bila kusoma kemia. Moshi wa jiko la ndani ndio uliokausha nyasi na kufukuza wadudu. Moto ukizimika, watu wakihama, paa linaanza kuoza. Nyumba ilitunzwa na wale wale walioichafua kwa masizi. Leo tunajenga nyumba za vigae vijijini, zinafunguliwa Krismasi na siku ya msiba, halafu tunashangaa kuta zinatoa maji.

Kwa hiyo hatuna uwezo wa kuchagua kama kitu kichakae. Tulicho nacho ni kuchagua kichakae kwa ajili ya nani. Siti ya daladala iliyopasuka ina hesabu: ilimpeleka mwanafunzi, ilimpeleka muuza samaki, ilimrudisha mlevi kwa mkewe. Kiti cha Celica kilipasuka kwa ajili ya nani? Uchakavu wa kwanza ni gharama ya kazi iliyofanyika. Wa pili ni hasara tupu, na una ubaya wa ziada kwamba mwenyewe anauita utunzaji.

Je, wahenga walitudanganya? La hasha. Tumeisoma methali yao nusu. Mkulima anayeweka mbegu na chakula ghalani anajua siku ya kulifungua: siku ya kupanda, au siku ya njaa. Akiba ni kitu chenye siku yake. Ukiiondolea siku hiyo, ukasema haitatoka hata njaa ikibisha hodi, hiyo si akiba tena, ni kitu kilichofichwa tu, na wahenga hawakuahidi popote kwamba kilichofichwa hakiozi. Celica ya mzee ilipata siku yake. Ilikuja usiku, ikiwa na jina la mwanamke jirani, na ilikataliwa kwa sababu ya siti.

Nawaandikia ninyi vijana wa mjini wenye ndoto ya kalamu, na sina haja ya kuwapeleka Rubafu ili mnielewe. Wengi wenu mna daftari chini ya godoro. Mnalisubirisha mpaka Kiswahili kinyooke, mpaka mpate mhariri wa maana, mpaka wakati ufike. Mnasema mnakitunza kipaji kisichafuliwe na wasomaji wasiojua kusoma. Karatasi ya Bukoba hunywa unyevu haraka, lakini hata ya Kariakoo inanjanika. Na kuna msomaji mmoja mahali fulani, ana usiku wake mbaya, anahitaji ukurasa ule ule mlioufunika turubai. Mtampa, au mtamtumia nauli?