Arosto ya saa kumi na moja jioni

*Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12*



Ndugu yangu, leo nasema na wavutaji. Na wewe usiyevuta usiondoke, lipo neno lako mbele.

Mnajua hali ilivyo hapa Kibiti. Adhana ya Magharibi haijaisha vizuri, mtu kashatia tende moja mdomoni, mafunda mawili ya maji, halafu haonekani. Yuko nyuma ya ukuta na fegi yake. Kule delta kwa wavuvi ni vilevile, futari inasubiri, moshi hausubiri. Ukimuuliza anakwambia, "Shekhe, siwezi. Hii imeshaingia kwenye damu."

Nataka tuliangalie hilo neno *siwezi*. Ni kweli?

Tumpe haki yake kwanza. Nikotini inafunga mtu kwelikweli. Ukipiga pafu, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 mpaka 20, na ubongo ukishazoea unaidai kama mwenye deni. Mwaka 1988 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, C. Everett Koop, alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba sigara ni uraibu, wa namna ileile ya heroini na kokeini. Kwa hiyo kumcheka anayeshindwa kuacha ni dhuluma. (Hukumu ya tumbaku wanachuoni wameijadili kwa karne kadhaa, na wengi wa zama hizi wanasema ni haramu. Leo siingii huko.)

Sasa turudi kwenye hiyo damu. Nikotini iliyomo hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Umevuta ya mwisho baada ya daku, adhuhuri imebaki kidogo sana, kwenye Magharibi ni kama asilimia moja. Yaani kupungua kwenyewe kumeshamalizika mchana. Mbona basi saa nane umekaa kimya unashona wavu, na saa kumi na moja unagombana na watoto?

Yupo mwanasaikolojia mmoja, Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, aliyelichunguza jambo hili. Usiniulize mbona nimekwenda mbali hivyo, elimu huchukuliwa ilipo. Utafiti wake wa mwaka 2010, pamoja na wenzake, ulihusu wahudumu wa ndege wanaovuta. Aliwapima hamu yao kwenye safari fupi za saa 3 mpaka 5 na nusu, na kwenye safari ndefu za saa 8 mpaka 13. Mwisho wa safari fupi hamu ilikuwa juu sana, karibu sawa na mwisho wa safari ndefu. Lakini kwenye ile ndefu, muda uleule wa saa tatu nne ulipopita, hamu ilikuwa bado chini. Saa za kukaa bila sigara zilikuwa sawa, kilichotofautiana ni umbali wa kutua.

Kabla ya hapo, mwaka 2005, walikuwa wamewapima Mayahudi washika dini, ambao Sabato hawawashi moto. Hamu yao siku hiyo ilikuwa ndogo kuliko siku ya kazi walipoombwa tu wasivute.

Mimi nasoma hivi. Asubuhi umetulia kwa sababu niya imefunga mlango. Saa kumi na moja mlango umeanza kuonekana, na kinachokutetemesha hapo, kwa sehemu kubwa, ni ruhusa inayokaribia.

Sisemi niya peke yake inatosha. Anayeacha moja kwa moja atakuwa na hasira, usingizi utamruka, na wiki ya kwanza ndiyo nzito. Nenda kituo cha afya ukaulize. Shirika la Afya Duniani liliweka vibandiko na bazoka za nikotini kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, ingawa sikuahidi kwamba utavikuta zahanati ya kijijini. Ninachosema ni kwamba *siwezi* imeshavunjwa na funga yako mwenyewe mara kumi na moja mwezi huu, na leo ni ya kumi na mbili.

Na wewe usiyevuta, mke, jirani, usimwambie hana imani. Mtu anayeacha kitu kinachomtawala kutwa nzima kwa ajili ya Mola wake, imani anayo. Halafu jiulize ulimi wako, uliofunga tangu alfajiri, huwa unakwenda wapi baada ya futari.

Usiku wa leo, ukinuia funga ya kesho, jaribu kuinuia sigara peke yake, niya isiyo na Magharibi. Usijipangie saa ya kuvuta, maana arosto huifuata saa uliyoipanga.

Wanaotaka kuanza pamoja wabaki safu ya nyuma baada ya tarawehe. Hatuandiki majina.