Macho ya Kukodi: Je, Mwenye Gari Anaweza Kumlipa Mwingine Achoke kwa Niaba Yake?

Hapa Uganda, mtu akifiwa na ndugu kijijini, mara nyingi huenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kutoka Kampala hadi Kabale ni kilomita zipatazo 400. Waombolezaji huondoka saa tisa za usiku, mazishi hufanyika mchana, na jioni gari hugeuzwa kurudi mjini kwa sababu kesho yake ni kazi. Wenye magari wengi wanajua hatari ya kushika usukani wakiwa wamechoka na wenye majonzi, kwa hiyo hukodi dereva wa kuliendesha gari lao. Humlipa ujira wa siku, humpa chakula, nao hulala kiti cha nyuma. Uamuzi huo husifiwa kuwa wa busara. Swali la insha hii ni hili: mwenye gari akishamlipa dereva, je, amemaliza wajibu wake?

Kwanza tuuelewe uchovu wenyewe. Usingizi haushindwi kwa ujasiri. Ubongo uliokosa kupumzika hujizima kwa sekunde chache bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde tatu, limekwenda zaidi ya mita 66 bila mwenye kuliongoza. Mwaka 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo sawa na mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva aliyeamka saa nane za usiku ili kuwahi safari, ikifika saa moja jioni ametimiza saa hizo 17, na safari ya kurudi ndiyo kwanza inaanza. Kahawa huliahirisha deni la usingizi, hailipi.

Mwanafalsafa Aristotle alitaja sheria iliyomwadhibu mlevi mara mbili kwa kosa alilolitenda akiwa amelewa. Sababu yake ni kwamba chanzo cha kosa kilikuwa mikononi mwake: angeweza kujizuia kunywa. Hoja hiyo inafaa hapa. Hatuwezi kumlaumu dereva kwa sekunde aliyosinzia, maana hakuichagua. Lawama iko nyuma ya hapo, pale ulipofanywa uamuzi wa kuendesha bila kupumzika. Lakini uamuzi huo ulikuwa wa nani? Aliyepanga saa ya kuondoka ni mwenye gari. Aliyesema lazima turudi leo ni mwenye gari. Dereva alikabidhiwa usukani tu; saa ilibaki mkononi mwa aliyemkodi.

Wapo watakaopinga. Watasema dereva ni mtu mzima, ana leseni, amekubali ujira kwa hiari, na ana mdomo wa kusema amechoka. Hoja hii ina uzito. Tukimwondolea dereva wajibu wote, tutakuwa tumemfanya mtoto, na mtembea kwa miguu aliye kando ya barabara ana haki ya kumdai awe macho. Hata hivyo, hiari ya kweli inahitaji uwezo wa kukataa. Mwenye njaa hana miiko. Kijana anayelipwa kwa siku akisema, “Bosi, nimechoka, tulale Mbarara,” anajua kwamba safari ijayo ataitwa mwingine. Kwa hiyo hunyamaza, hufungua dirisha apate upepo, na kuendelea. Wajibu wake haujafutika, lakini sehemu ya wajibu huo ni ya yule aliyemfanya aogope kusema.

Immanuel Kant alifundisha kwamba tusimtumie mtu kama chombo tu. Hakukataza kuajiriana, sote tunahitaji kazi za wenzetu. Kosa ni kumkodi mtu kisha kumhesabu kuwa sehemu ya gari. Tena wakati mwingine gari hutunzwa zaidi yake. Kabla ya safari tunapima oili na kukagua matairi, lakini hatumwulizi dereva jana alilala saa ngapi. Msibani wageni hutafutiwa viti na kivuli, naye huachwa ndani ya gari akilinda mizigo, katika saa zile zile ambazo angepaswa kulala.

Zipo sheria za kupumzika. Katika Umoja wa Ulaya, dereva wa lori hutakiwa kupumzika dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Lakini sheria za namna hiyo zinawahusu wa malori na mabasi. Gari binafsi linalotoka msibani usiku halina wa kulikagua isipokuwa dhamiri ya mwenyewe. Dhamiri hiyo inadai mambo matatu: amwulize dereva kabla ya safari kama amelala, amtafutie mahali pa kujinyoosha wakati wa mazishi, na amwambie waziwazi, mbele ya abiria wote, kwamba akichoka asimame na ujira wake hautapungua. Hili la tatu ndilo kubwa, kwa sababu linamrudishia haki ya kukataa.

Nakubali kwamba jambo hili lina gharama: chumba cha kulala, siku ya pili ya ujira, pengine siku moja ya kazi kupotea. Si kila aliyefiwa anaweza kuibeba gharama hiyo, na ukoo unaochangia jeneza na chakula ungeweza kuchangia na hili pia. Lakini asiyeilipa asijidanganye kwamba amenunua usalama. Amehamisha uchovu kutoka kwake kwenda kwa mtu maskini kuliko yeye, na wote wawili bado wamo ndani ya gari moja.