Ukungu Ndani ya Gunia la Sadaka

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, vikubwa na vidogo. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, sisi tunaoishi Gare, katika milima ya Usambara, tunaujua ukungu wa aina mbili. Upo ule unaofunika mabonde asubuhi, jua likipanda unaondoka. Na upo ule unaoota juu ya mkate uliolala na ndani ya gunia la mahindi. Huu wa pili ndio ninaotaka tuuzungumze wiki hii.

Msimu mmoja wa mavuno, muumini mmoja alituletea gunia la mahindi kwa ajili ya watoto wa madrasa. Juu yalikuwa meupe na safi. Nilipoingiza mkono mpaka chini nikakuta unyevu, harufu ya uvundo na punje zilizogeuka rangi ya kijani. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole: “Ustadhi, kobozeni tu, ukungu wote utabaki kwenye pumba. Sisi nyumbani yametushinda, tukaona bora tupate thawabu.”

Nakiri kuwa nilinyamaza. Niliona haya kurudisha sadaka, na chakula kilikuwa kimetuishia. Tukakoboa, tukasaga, watoto wakala.

Usiku ule nilikumbuka Hadithi ambayo nimeisomesha mara nyingi, iliyopokewa na Abu Huraira (RA) katika Sahih Muslim. Mtume (SAW) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa mvua ilimnyeshea. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akamtoa kila mwenye kughushi katika kundi lake. Mkono wangu ulikuta unyevu ule ule, lakini ulimi wangu haukusema kitu.

Tusije tukadhani kuwa kuvu zote ni adui. Hamira inayoumua maandazi yetu ni kuvu. Uyoga tunaookota baada ya mvua ni katika jamii hiyo, na Mtume (SAW) aliutaja kwa kheri ule wa jangwani uitwao kam'a. Mwaka 1928 jijini London, Alexander Fleming aliona ukungu ulioota kwenye kisahani cha maabara yake ukiua bakteria, na hapo ndipo ilipoanzia dawa ya penisilini. Lakini hamira ile ile ikiachwa kwenye maji ya miwa huzalisha pombe, na uyoga usiojulikana huua. Allah (SW) ameumba kila kitu kwa kipimo, na sisi akatupa akili ya kupambanua.

Kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zenye unyevu hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Kukoboa huipunguza, hakuiondoi. Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Hapa kwetu mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hata pale isipoua mara moja, mwenye kuila kidogo kidogo kwa miaka huwa katika hatari ya saratani ya ini. Kwa hiyo mimi kusema kwamba siku ile hakuna mtoto aliyeugua si hoja.

Sasa turejee kwenye sadaka. Katika Suratul Baqara, aya ya 267, Allah (SW) anatukataza kukusudia kutoa kilicho kibaya, ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kukifumbia macho. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameshurutisha kuwa nafaka ya Zakatul Fitri iwe nzima, isiyo na kasoro. Basi vipi yaliyotushinda sisi tuyapeleke kwa yatima? Wala tusidhani kuwa tumetoka kwa kumlisha ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa. Mahindi ya namna hiyo yafukiwe.

Kinga yake si ngumu. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au chanja, si juu ya udongo. Kabla ya kuyafunga, chukua chupa kavu, tia punje kiasi na chumvi kavu, kisha utikise. Chumvi ikiganda kwenye chupa, bado yana unyevu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Na wewe ndugu yangu wa mjini unayenunua kwa kilo, usione haya kumwomba muuzaji akufungulie gunia mpaka chini.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimfuata yule muumini nyumbani kwake, nikamweleza haya yote, na nikamweleza kosa langu la kunyamaza. Akainama kwa muda, kisha akaniambia: “Ustadhi, ungeniambia siku ile ile.”

Amesema kweli. Aibu ya kurudisha gunia ni ya dakika moja, lakini amana ya afya za watoto wale tutaulizwa Siku ya Kiyama.

Wabillahi Tawfiq.