Wimbo na Minyororo

Wapendwa, yatupasa kuulizana: mtu aweza kumsifu Mungu kwa moyo wa kweli, hali amemfunga jirani yake kwa minyororo? Wengi hujibu upesi kwamba huo ni unafiki tu. Sisi twaona jambo hili ni zito zaidi.

Tumtazame John Newton, Mwingereza aliyetunga „Amazing Grace“. Mwaka 1748, katika dhoruba baharini, alimlilia Mungu, na siku ile aliihesabu kuwa mwanzo wa imani yake. Hata hivyo baadaye alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa mpaka 1754. Aliwaongoza mabaharia wake katika sala, na chini ya sakafu ile ile watu wa Afrika walilala wamefungwa. Hatuneni kwamba sala zile zilikuwa za uongo. Imani ilikuwa imeota. Huruma ilikuwa bado.

Wimbo aliutunga kwa ibada ya mwaka mpya wa 1773, kwa ajili ya washarika wake wa Olney, wengi wao maskini. (Sauti tuijuayo ni ya Marekani, wala mtungaji wake hajulikani, William Walker aliiunganisha na maneno haya 1835.) Wako wasemao wimbo ndio uliomgeuza. Lakini kitabu chake cha kuishutumu biashara ile, alichoungamia aibu yake, kilitoka 1788, yaani miaka 15 baada ya wimbo, na 34 tangu aiache bahari. Na waliofungwa, nani aliwahesabia miaka hiyo? Newton alifariki Desemba 1807, mwaka ule ule Bunge la Uingereza lilipoikataza biashara ya watumwa.