Mgeni Mbele ya Karani

Wazee wetu walisema kwamba mgeni hukaribishwa siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Lakini hawakusema mgeni afanye nini akiambiwa kwamba jembe lake litatolewa kesho, na kesho yake akaambiwa kwamba mwenye ufunguo wa ghala hayupo. Swali hili si la mzaha. Mamilioni ya watu siku hizi wakaa katika nchi zisizo zao, na kati yao na wenyeji wao yuko karani mwenye muhuri. Je, mgeni anadaiwa nini na karani huyu? Na karani, je, anadaiwa nini na mgeni?

Tumeona vema kulitazama jambo hili kwa mfano wa nchi moja, yaani Meksiko, kwa sababu huko wageni wa kila namna huja mbele ya serikali ile ile. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba katika watu wapatao milioni 126 wa nchi hiyo, kama milioni 1.2 walizaliwa nje, na walio wengi wao walizaliwa Marekani. Wako wazee wenye malipo ya uzeeni, waliokuja kupumzika Ajijic, kando ya ziwa Chapala, au katika mji wa San Miguel de Allende. Wako pia watu wa Guatemala, Venezuela na Haiti, waliokuja na kifurushi kimoja tu.

Mwenye fedha anayetaka kukaa huko haanzii Meksiko kwenyewe. Huanzia katika ubalozi au ubalozi mdogo wa nchi hiyo ng'ambo, akipeleka hati za benki kuthibitisha kwamba hatakuwa mzigo kwa mtu. Akikubaliwa, hubandikiwa viza katika paspoti yake. Viza hiyo si ruhusa ya kukaa, bali ni ruhusa ya kwenda kuomba ruhusa. Akiisha kuingia, ana siku 30 za kufika mbele ya maofisa wa uhamiaji ili apewe kadi ya mkaazi wa muda. Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja, nayo huweza kuongezwa mpaka itimie miaka minne. Ndipo aweze kuomba ukaazi wa kudumu. Akihamia nyumba nyingine sharti atoe habari katika muda wa siku 90. Kadhalika akioa au akibadili uraia wake. Kama kadi yake haina ruhusa ya kazi, hawezi kupokea mshahara nchini hata wa siku moja.

Hayo ni ya uhamiaji tu. Bado kuna namba ya utambulisho iitwayo CURP, yenye herufi na tarakimu 18, ambayo huulizwa karibu kila dirishani. Bado kuna namba ya kodi. Na bado kuna bili ya umeme, ambayo kwa Wameksiko ndiyo shahidi mkuu kwamba mtu akaa mahali fulani. Lakini bili ya nyumba ya kupanga mara nyingi ina jina la mwenye nyumba, pengine la marehemu baba yake. Tena kuna jambo la jina lenyewe. Kila Mmeksiko ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na fomu zimepangwa hivyo. Mgeni mwenye jina moja la ukoo huacha nafasi tupu, na nafasi tupu humsumbua karani kuliko kosa. Wasomaji wetu waliowahi kutafuta hati ya kiapo, kwa sababu cheti cha ubatizo chasema Yosefu na cheti cha shule chasema Joseph, watatabasamu hapa.

Lakini si wote waliotabasamu. Katika wale waliozaliwa Marekani wamo watoto wengi ambao wazazi wao ni Wameksiko, waliorudishwa au waliorudi wenyewe, wakaja na watoto wao katika nchi ambayo watoto hawakuijua. Kwa muda wa miaka mingi mtoto wa namna hii alipopelekwa shuleni, iliulizwa hati yake ya kuzaliwa, tena iwe na muhuri wa kuithibitisha uitwao apostila. Muhuri huo hutolewa katika dola ile ile ya Marekani alimozaliwa. Basi baba aliyefukuzwa Marekani alitakiwa kupata muhuri kutoka nchi asiyoweza kukanyaga tena, ili mwanawe akubaliwe katika shule ya kijiji cha babu yake. Mwaka 2015 wizara ya elimu ya Meksiko iliondoa sharti hilo. Twaisifu kwa hilo, ingawa twauliza ni watoto wangapi waliopoteza masomo kabla ya mtu mkubwa kuona kwamba mtoto aliyesimama mbele ya mwalimu ni ushahidi wa kutosha kwamba amezaliwa.

Je, serikali ina haki ya kumwuliza mgeni mambo yote haya? Twajibu: ndiyo, inayo, na Meksiko ina sababu kuliko wengi. Ilipopata uhuru mwaka 1821, ilikuwa na jimbo kubwa la Texas lenye watu wachache, ikawakaribisha walowezi kutoka Marekani. Masharti yalikuwa mepesi: wawe waaminifu kwa Meksiko na wafuate dini ya nchi. Wengi walikubali kwa midomo. Mwaka 1829 Meksiko ilipopiga marufuku utumwa, wako walowezi walioona kwamba karatasi yaweza kuishinda sheria, wakawatia watumwa wao katika mikataba ya kazi ya miaka 99. Tarehe 6 Aprili 1830 serikali ilitunga sheria ya kuzuia walowezi wapya kutoka Marekani, lakini ilikuwa imechelewa. Mwaka 1836 Texas ilijitenga, na baada ya vita vya 1846 hadi 1848 Meksiko ilikuwa imepoteza karibu nusu ya nchi yake. Nyumba iliyokwisha kunyang'anywa vyumba vyake na wageni haiwezi kulaumiwa ikiweka komeo mlangoni.

Komeo hilo limo katika Katiba ya mwaka 1917. Kifungu cha 33 chakataza mgeni kujiingiza kwa namna yoyote katika siasa za nchi. Kifungu cha 27 chamkataza kumiliki ardhi moja kwa moja katika kilomita 100 toka mpakani na kilomita 50 toka pwani. Anayetaka nyumba ya kukaa karibu na bahari huishika kwa njia ya benki inayomwekea amana. Na mgeni anayemiliki ardhi popote sharti aahidi kwamba katika mambo ya mali hiyo hatakimbilia serikali ya kwao imtetee. Sisi mapadre twaijua Katiba hiyo kwa upande wake mchungu pia. Kifungu cha 130 kilidai kwamba kila mhudumu wa dini awe Mmeksiko wa kuzaliwa. Mwaka 1926 mapadre wengi wa kigeni walifukuzwa, na sharti hilo halikulegezwa mpaka 1992. Twasema haya ili isidhaniwe kwamba twazisifu sheria za watu wengine kwa kuwa hazituumizi. Komeo ni haki ya mwenye nyumba. Lakini hata komeo la haki laweza kufungwa juu ya mkono wa mtu asiye na hatia.

Basi tuje kwa mgeni mwenyewe. Wako wageni waliokaa Meksiko miaka na miaka kwa kibali cha mtalii. Kibali hiki huweza kufika siku 180. Kikikaribia kwisha, mtu huvuka mpaka, hulala usiku mmoja, hurudi, akiulizwa shabaha yake hujibu: "Kutalii." Ana nyumba ya kupanga, ana mbwa, ana daktari wake wa meno. Akiambiwa kwamba amesema uongo, huudhika, akasema kwamba hamdhuru mtu, na kwamba huacha fedha zake nchini.

Sisi twaona kwamba amedhuru. Kila serikali inayodanganywa hujifunza kushuku, na shuka ya shaka haimfuniki mwongo peke yake. Maofisa katika viwanja vya ndege vya Meksiko wana mamlaka ya kukata siku. Na siku hizi si ajabu msafiri wa kweli, aliyekuja kumwona dada yake aliyejifungua, kupewa siku chache kuliko alizoomba kwa sababu ya wengi waliomtangulia na neno "kutalii" vinywani. Yeye hulipa deni la watu asiowajua. Tena uongo huu ni wa ajabu kwa kuwa wausema wenye njia nyingine. Wengi wao wangeweza kupata kadi. Hawakutaka adha ya kusimama foleni. Kwao wenyewe wangependa Mmeksiko aliyevuka mpaka asimame foleni mpaka mwisho.

Na hongo, je? Wameksiko huiita *mordida*, yaani mng'ato, na jina hilo lafaa, kwa sababu anayeng'ata huacha alama. Hapa yatupasa kupambanua. Yuko mtu aitwaye *gestor*, ambaye hulipwa kujaza fomu, kupanga hati na kusimama foleni kwa niaba ya asiyejua Kihispania. Huyu auza kazi ya mikono yake, na kumlipa si dhambi, kama si dhambi kumlipa mwandishi wa barua aketiye nje ya posta. Yuko wa pili, ambaye huko huitwa *coyote*, jina la mnyama wa jamii ya mbwa; sisi tungemwita kishoka. Huyu hauzi kazi, auza urafiki wake na mtu aliye ndani. Anayemlipa apitishwe mbele ya wenzake amewaibia saa zao.

Pagumu ni hapa: karani anaishika kadi iliyokwisha kuwa tayari, ambayo ni haki ya mgeni, asiitoe mpaka apewe kitu. Wataalamu wa elimu ya maadili husema kwamba anayenyang'anywa hashiriki katika kosa la mnyang'anyi, na sisi twakubali. Lakini twaongeza neno moja. Mtu mwenye dola mia mfukoni, ambaye angeweza kurudi kesho na kesho kutwa bila kukosa chakula, akitoa upesi ili awahi chakula cha mchana, ndiye aliyepanga bei. Mwanamke wa Honduras atakayefika baada yake ataulizwa bei ile ile. Kwa hiyo mwenye nguvu ana wajibu wa kukataa ambao dhaifu hana, na kama ni lazima arudi mara tano, na arudi.

Kwa maana karani aweza kuwa vingine. Mwaka 1940 hadi 1942 Gilberto Bosques alikuwa konsuli mkuu wa Meksiko huko Marseille, Ufaransa. Kazi yake ilikuwa hii hii ya viza na mihuri. Aliitumia kuwapatia maelfu ya Wahispania waliokimbia nchi yao, na Wayahudi waliokuwa wakiwindwa, karatasi za kuondokea; alikodi hata majumba mawili makubwa wakae humo wakingoja. Wajerumani walimkamata pamoja na watu wa nyumbani mwake, wakawazuia Ujerumani hadi 1944. Muhuri wake ulikuwa wa mpira na wino kama mihuri mingine.

Na nchi ile ile imewahi kuutumia muhuri kinyume. Mwaka 2019, huko Tapachula, karibu na mpaka wa Guatemala, Waafrika wengi walikaa miezi nje ya kituo cha uhamiaji, wengine watu wa Kongo, jirani zetu. Zamani watu kama hao walipewa hati ya kuwapa siku chache waondoke nchini kwa mpaka wowote, nao walitumia siku hizo kwenda kaskazini. Mwaka huo maneno ya hati yalibadilishwa, yakasema waondoke kwa mpaka wa kusini. Mstari mmoja wa karatasi, na watu waliovuka bahari na misitu wakawa hawana pa kwenda mbele wala nyuma. Tarehe 27 Machi 2023, katika kituo cha kuzuilia wahamiaji huko Ciudad Juárez, moto uliwaka na wanaume 40 wakafa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na haukufunguliwa. Sheria ya Uhamiaji ya nchi hiyo, ya mwaka 2011, yatamka kwamba kukosa karatasi si jinai. Maneno hayo ni mema. Walakini waliofungiwa walikufa kama wafungwa.

Tumeulizwa hukumu yetu juu ya jambo moja la mwisho, nalo huwapata wageni mara kwa mara. Mtu ameomba kadi yake iongezwe, na shauri lake halijamalizika. Habari zafika kwamba mama yake amefariki ng'ambo. Akitoka nchini bila ruhusa maalumu ya kutoka na kurudi, ombi lake laweza kupotea. Ruhusa hiyo ipo, lakini ofisi imefungwa mpaka Jumatatu, na mazishi ni Jumapili. Je, aende?

Twasema aende. Sheria hii haikutungwa ili watu wasizike mama zao, na aliyeitunga, kama angalikuwapo, angalifungua mlango mwenyewe. Lakini arudipo asiseme kwamba alikuwa mtalii. Aende dirishani na cheti cha kifo, aeleze alivyofanya. Na kama karani atamwambia aanze upya tangu ubalozini, basi aanze upya.