Roketi na Mizani ya Maabara



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, kila inapotajwa roketi katika darsa zetu, hazipiti dakika tano kabla mtu hajaitaja aya ya 33 ya Surat Ar-Rahman, ile inayowaeleza majini na watu kwamba hawawezi kupenya mipaka ya mbingu na ardhi ila kwa nguvu. Husemwa: hii hapa, Qur'an iliitaja safari ya anga kabla ya Wamarekani. Takbiri inapigwa, kikao kinafungwa. Sina ugomvi na wanaosema hivyo, ingawa wafasiri wengi wa zamani waliielewa aya hiyo kwa namna nyingine. Lakini nawaomba turudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo, aya ya 7 mpaka ya 9. Hapo Mwenyezi Mungu anataja kuinuliwa kwa mbingu, na papo hapo anataja kuwekwa kwa mizani, kisha anakataza kuipindukia na kuipunja. Mbingu na mizani vimewekwa jirani. Kwa maoni yangu, mwanafunzi anayetaka kwenda juu ana darsa kubwa zaidi hapo kuliko katika ile aya ya 33.

Nitaeleza kwa nini. Huko California, katika Chuo Kikuu cha Southern California, kuna maabara ya roketi inayoendeshwa na wanafunzi tangu mwaka 2005, iitwayo Rocket Propulsion Laboratory. Wanachama wake ni wanafunzi wa shahada ya kwanza, rika letu. Lengo lao lilikuwa roketi iliyobuniwa na kuundwa na wanafunzi wenyewe ivuke mstari wa Kármán, yaani kilomita 100 juu ya usawa wa bahari, ambao wengi huuhesabu kuwa mlango wa anga za juu.

Sasa, roketi hairushwi kwa hamasa. Mahali popote inapofundishwa kazi hii, injini hufungwa kwanza ardhini kwenye fremu ya chuma, ikafungwa hasa, kama ng'ombe wa kuchinjwa, kisha watu hujificha mbali na kuiwasha. Haiendi popote. Inanguruma sekunde chache tu, huku kifaa kimoja kikipima inasukuma kwa nguvu kiasi gani na kingine kikipima shinikizo ndani ya tumbo lake. Na kabla ya siku hiyo, kifaa cha kupima nguvu nacho kimepimwa: kimewekewa mizigo ambayo uzito wake unajulikana, ili ionekane kama kinasema kweli. Mizani inapimwa kabla ya kupima. Fueli ya roketi nyingi za wanafunzi ni yabisi: chumvi yenye oksijeni, unga wa alumini na mpira wa kuvishikanisha. Kiputo cha hewa au ufa ndani ya fueli hiyo huongeza eneo linaloungua, shinikizo linapanda, na bomba zima linaweza kupasuka. Kwa nje huoni kitu. Bomba linang'aa, rangi nzuri, nembo ya chuo ubavuni.

Hapa ndipo ninapoikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Hurayra na kuitoa Imamu Muslim, ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka. Hakutosheka na juu palipokauka. Alitia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka unyevu ule juu watu wauone, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hana nafasi miongoni mwetu. Sisi huisoma hadithi hii kama habari ya wauza mahindi. Tazameni tena: ule mkono uliozama ndani ya rundo ndio jaribio lenyewe.

Turudi California. Septemba 2018 wanafunzi wale walirusha roketi yao iitwayo Traveler III. Ilikuwa na uwezo wa kuvuka kilomita 100. Lakini vifaa vya kurekodi safari havikuwa vimewashwa, kwa hiyo hapakupatikana hata namba moja ya kuonyesha ilifika wapi. Fikirini kishawishi hicho. Miaka ya kazi, roketi imepaa kweli, hesabu za karatasini zinasema inaweza kufika. Nani angewapinga? Wao hawakudai rekodi. Waliunda nyingine. Tarehe 21 Aprili 2019 Traveler IV iliruka kutoka New Mexico, na safari hii vifaa vilirekodi: futi 339,800, karibu kilomita 103.6. Wakaandika pia kwamba kipimo chao kinaweza kukosea kwa futi 16,500 juu au chini, na kwamba wana uhakika wa asilimia 90 kuwa walivuka mstari.

Piga hesabu, ndugu yangu. Futi 16,500 ni kama kilomita 5. Ukizitoa, roketi imefika 98 na kitu, yaani haikuvuka. Namba inayoweza kuwanyima ushindi wao waliiandika kwa mkono wao, pembeni ya ushindi wenyewe. Wengi wao si Waislamu, na sidhani kama waliwahi kuisikia aya ya 36 ya Surat Al-Israa, inayokataza kufuata usilolijua na kuonya kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa.

Lakini sisi tuna urithi huu, na tumeusahau. Mwanafunzi wa elimu ya hadithi hufundishwa jambo linaloitwa shaka ya mpokezi. Katika Sahih Muslim kuna hadithi mashuhuri ya matawi ya imani, na ndani yake mpokezi ameacha namba mbili: sabini na ushei, au sitini na ushei. Angeweza kuchagua moja ikapendeza. Hakuchagua, kwa sababu hakuwa na yakini, na waliokuja baada yake wakaibeba shaka hiyo karne kwa karne bila kuifuta. Ibn Mas'ud (R.A.) naye akisimulia kutoka kwa Mtume alikuwa akiongeza kwamba ni hivyo au karibu na hivyo, kwa kuogopa kuzidisha au kupunguza. Kile wahandisi wanachokiita ukomo wa makosa ya kipimo, masahaba walikiishi bila kukiita jina.

Sasa tuseme ya kwetu. Rafiki yangu wa uhandisi aliniambia kwamba katika kundi lake la maabara grafu huchorwa kwanza, iliyonyooka, halafu ndipo namba zinatafutwa za kuijaza. Wanaita kupika majibu, na wanacheka wakilitaja. Niliuliza kwingine nikakuta mapishi ni yale yale: kemia, kilimo, hata dodoso za utafiti zinazojazwa na mtu mmoja usiku mmoja kwa kalamu tatu. Na wapishi wengine tunasimama nao safu moja swala ya Adhuhuri.

Ndugu zangu, hii ni shahada ya uongo. Unapoandika kwamba mshale ulisimama kwenye 4.2 na wewe hukuutazama, umeshuhudia. Katika hadithi ya Abu Bakra (R.A.) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alikuwa akitaja madhambi makubwa hali ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo akakaa sawa, akalirudia neno hilo mpaka masahaba wakatamani angenyamaza. Hakukaa sawa bure. Na sisi karatasi tunayoitafuta hapa chuoni kwa miaka mitatu minne, kwa Kiswahili chetu inaitwa nini? Shahada.

Utetezi ninaousikia ni kwamba hili ni zoezi tu, hafi mtu. Samaki mkunje angali mbichi. Satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliyopanda mwaka 2022, iliundwa na wahandisi vijana watatu waliokwenda kusomea kazi hiyo Japani, kwa hiyo msidhani mambo haya ni ya watu wa mbali. Tena kumbukeni Challenger, tarehe 28 Januari 1986. Usiku wa kuamkia siku ile wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walishauri isirushwe kwa sababu ya baridi, wakihofia pete za mpira zinazoziba maungio. Dalili za pete kuungua zilikuwa zimeshaonekana katika safari zilizotangulia. Wakubwa waliupindua ushauri huo, chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu saba waliokuwamo wakafa. Mizani ilikuwa imesema. Waliopaswa kuisoma ndio waliotaka namba nyingine.

Basi, kaka yangu wa uhandisi, dada yangu wa kemia, namba ikitoka nje ya mstari iandike ilivyo, na useme kipimo kilirudiwa mara ngapi. Kundi likikataa, omba jina lako litolewe kwenye ripoti. Najua itakugharimu alama, na huenda na urafiki. Sisi wa masomo ya Kiislamu nasi tusijione tuko pwani kavu, maana tunaandika kwamba hadithi imepokewa na Bukhari ilhali tumeiokota kwenye simu na kitabu hatujakigusa. Kuanzia darsa ya Alhamisi hii baada ya Isha, atakayetaja hadithi aje na kitabu chake, au aseme wazi mbele ya watu kwamba ameipata kwenye simu na hajaihakiki.

Wabillahi tawfiq.