Deni la Fulana

Je, mkubwa anayempa askari fulana ya kuzuia risasi, kisha akamtuma kwenye hatari, amekwisha kulipa deni lake? Mimi nasema bado, wala hajafika nusu.

Fulana laini ya nyuzi za Kevlar, alizozigundua mkemia Stephanie Kwolek huko Marekani mwaka 1965, huinasa risasi ya bastola. Ile ya bunduki ya AK-47 hupenya. Hapo huhitajika bamba gumu, nalo ni mzigo. Hata risasi iliyonaswa hulisukuma vazi mwilini kwa nguvu: damu huvilia chini ya ngozi, pengine ubavu ukavunjika. Shingo, kwapa na kinena hubaki wazi. (Hapa kwetu Basotu, aliyepata kushika ngao ya ngozi hahitaji kufundishwa haya: ngao hukinga upande ule tu inakoelekezwa.)

Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwaahidi watu kwamba dawa yake ingegeuza risasi kuwa maji. Tunawacheka walioamini, nasi tumpe kijana fulana ya bastola akakabili bunduki? Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliviziwa garini na kuuawa huko Kibiti, na wauaji wakaondoka na silaha zao. Adui wa namna hiyo ndiye awe kipimo cha vazi.

Basi anayetuma amweleze anayetumwa, kabla hajapanda gari, vazi lake linazuia nini na nini litapita. Na akirudi na uvimbe kifuani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema hajambo.